Alama ya Meno Kwenye Kidole cha Zimwi

12 Januari

Watu wote wanaisimulia vibaya. Redio inaisimulia vibaya, binti yangu anaisimulia vibaya, jirani yangu Hanus ndiyo usiseme, na Elspa mwenyewe aliyeiandika kitabuni kaisimulia vibaya kuliko wote, tena kalipwa.

Leo alikuwa redioni. Mtangazaji kamuuliza, "Huyu Bibi Mikia, zimwi la kitabu chako, ulimtoa wapi?" Elspa kacheka kile kicheko cha watu waliohamia mjini, kasema eti alimtoa kwenye upepo wa kisiwa alikozaliwa. Upepo! Upepo una mikia? Upepo unanuka kondoo? Zimwi lile ni mimi, Mikkjal wa Nyumba ya Chini, na kama huo upepo una ushahidi uje tuonane. Tena kanifanya mwanamke! Binti yangu alinisomea sura ya kwanza Krismasi, nikamwambia funga kitabu, nimeshatukanwa vya kutosha.

Ndipo kanipa daftari hili. "Baba, andika, umpumzishe Hanus masikio." Shule nilisoma baridi mbili tu, ya tatu nikaenda baharini, kwa hiyo herufi zangu zinatembea kama ninavyotembea mimi sasa, zinapepesuka. Mwezi wa kumi na moja niliteleza kwenye barafu mlangoni kwangu, nyonga ikavunjika. Helikopta ilinichukua, ikanirudisha na chuma ndani. Dunia yangu sasa ni kitanda, choo, na kiti cha dirishani.

Ukweli ni huu. Kwetu Kwaresima ikiingia, mtu mzima mmoja alikuwa anavaa ngozi za kondoo, mwani na mikia, anabeba gunia, anapita nyumba kwa nyumba kutisha watoto wanaolilia nyama. Haongei kama mtu. Anaongea huku anavuta pumzi ndani, sauti isijulikane. Wenye nyumba kazi yao kubahatisha ni nani. Na adabu ni kwamba hata ukimjua toka mlangoni, unakosea kwanza. Kumtaja papo hapo ni sawa na kumvua suruali mbele za watu.

Zimwi bora kuliko yote yaliyowahi kutokea kisiwa hiki nilikuwa mimi. Mbwa walinikimbia. Mchungaji alinikimbia. Elspa alikuwa na miaka sita. Nilipoingia kwao, ndugu zake wote walijazana nyuma ya jiko, lakini yeye alikuja mbio akaning'ata kidole gumba cha kushoto mpaka damu. Alama ninayo mpaka leo. Huo ndio muhuri wangu. Upepo una muhuri gani?

13 Januari

Upepo. Boti halikuja.

16 Januari

Hanus kaja na karata. Ni jirani, tumezaliwa mwaka mmoja, na kila nilichofanya mimi yeye anasema alikifanya kabla yangu.

"Bibi Mikia! Kahawa iko wapi?" Hata mabuti hajavua.

"Iko jikoni. Mwenye miguu mizima ndiye anayemmiminia mwenzake."

"Mwaka ule zimwi nilikuwa mimi," kasema huku anamimina. "Wewe ulikuwa na surua."

"Surua ilikuwa mwaka uliofuata."

"Basi ulikuwa na uongo. Huo ndio hauponi."

Nikamwonyesha kidole. Kakishika, kakigeuza kwenye mwanga kama anayenunua samaki. "Mtoto huyu alikuwa na jino moja tu," kasema. "Refu, tena limenolewa."

Nimemfunga karata mara mbili. Yeye anasema mara moja.

21 Januari

Rannvá kaleta maziwa. Ana miaka saba, mabuti mekundu ya mpira, na meno ya mbele hana. Ndiye mtoto pekee kisiwani. Shule ina mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja, wakigombana darasa zima limegombana.

Mimi humlipa maziwa kwa uongo. Leo nilikuwa nimemwandalia ule wa nyangumi aliyemeza mtumbwi wa baba yangu, lakini hakuutaka.

"Babu, zamani hapa kulikuwa na watoto wengi?"

"Wengi! Shuleni tulibanana kama samaki wa kopo."

"Wa Nyumba ya Juu wako wapi?"

"Wamehamia mjini."

"Na wa nyumba ya kijani?"

"Mjini."

"Wote?"

"Wote, mjukuu wangu."

Kaokota chupa yake tupu. "Hata kitabuni watu wazima wanasema hivyohivyo," kasema, kaondoka zake.

Sikumwelewa. Nilibaki na nyangumi wangu.

22 Januari

Boti limekuja. Kahawa, barua, tumbaku ya Hanus. Hakuna aliyeshuka.

30 Januari

Birita kaja, mama yake Rannvá. Mzaliwa wa mjini, kaolewa hapa na Dánjal ambaye yuko kwenye meli ya uvuvi huko juu kabisa kwenye barafu, harudi mpaka Pasaka. Huwa namwita Mama Haraka, maana anatembea kama anawahi basi, na basi kisiwani hakuna. Leo kakaa bila kuambiwa karibu.

"Mzee Mikkjal, mtoto hataki kwenda shule. Siku ya tatu leo."

"Ana homa?"

"Ana kitabu."

Ndipo nikasikia habari yenyewe. Kitabuni, Bibi Mikia anawachukua watoto wa kijiji mmoja mmoja. Watu wazima wanaogopa kusema, wanasingizia eti wamehamia mjini. Kumbe wako pangoni kwake, na mlango wa pango ni pazia la nyama zilizoning'inizwa. Mwisho anabaki mtoto mmoja.

"Na hapa kabaki mmoja," kasema Birita.

Njia ya shule inapita mlangoni mwa kibanda changu cha upepo. Mbao zake zina nafasi ili upepo upite, na ndani, tangu Oktoba, wananing'inia kondoo wangu wote wa mwaka jana, wanakauka. Ukipita unawaona wanayumba.

Nikamwambia, "Mlete kwangu. Zimwi hilo nalijua mimi kuliko Elspa. Nitalivua nguo mbele yake, litabaki kondoo tu."

2 Februari

Nimeharibu.

Rannvá alikuja kashikwa mkono na mama yake. Nikamkalisha, nikaanza vizuri kabisa. Mikia ya zimwi, nikamwambia, ni kamba kuukuu za mashua. Macho yake yale ya kijani, maboya ya kioo ya nyavu. Mngurumo, pembe ya ng'ombe wa marehemu mama yangu. Na lile pango la nyama ni kibanda changu mimi, unakijua, kila siku unakipita.

Alikuwa anaitikia kwa kichwa. Naona mabega yanashuka. Hapo ningenyamaza! Lakini mdomo wangu ni mbwa asiyefungwa. Nikavimba kifua, nikasema, "Na zimwi lenyewe, mjukuu wangu, yule Bibi Mikia hasa, unajua ni nani? Ni mimi!"

Nilidhani atapiga makofi.

Kaangalia mikono yangu. Kaangalia gunia la viazi nyuma ya mlango. Halafu kauliza taratibu, "Kwa hiyo ni wewe uliyewachukua?"

Nikacheka! Nikaona niokoe jahazi kwa methali, nikamwambia, "Usiogope, zimwi likujualo halikuli likakwisha." Maneno ya faraja hayo, nimeyasikia tangu utoto. Kumbe mtoto anayapima: halikuli likakwisha, sasa linakula kiasi gani?

Alitoka mbio bila mabuti. Birita aliyaokota, akanitazama, akamfuata mbio. Ningefurahi angenitukana.

3 Februari

Maziwa kaleta Birita.

4 Februari

Birita.

5 Februari

Birita. Kayaweka mlangoni, hakuingia.

7 Februari

Hanus kasikia yote. "Si ulitaka uwe zimwi? Hongera, umepita mtihani."

"Toka kwangu."

"Nimalize kahawa kwanza."

Kamaliza. Kaniachia na karata, nicheze peke yangu. Nimejiibia mwenyewe mara tatu, bado nikashindwa.

17 Februari

Birita kaingia, kasimama karibu na jiko. Mikono imempasuka kwa baridi na sabuni. Siku zote nilikuwa namwona anapita, sijawahi kumwona amesimama.

"Nimefunga maboksi," kasema. "Boti la kwanza litakalofunga gatini, tunaondoka. Dánjal atatukuta kwa mama yangu."

Nikajua maana yake. Mtoto akiondoka, shule inafungwa. Shule ikifungwa, mwalimu anaondoka. Tunabaki wazee tisa na kondoo, na kondoo wanatuzidi akili.

"Kwa sababu yangu?"

"Kwa sababu hatoki nje, Mzee. Nikienda kukamua ng'ombe analia. Nikifungua mlango analia. Siku kumi sijavuka uzio wangu, na leo nimetoka kwa kuwa mwalimu kakaa naye. Yeye hawezi kutoka, mimi siwezi kumwacha, wewe huwezi kusimama. Tumekuwa kitabu cha Elspa, tuko pangoni."

Nilitafuta utani. Hapakuwa na utani.

"Na akitoka mwenyewe? Tuseme akaenda shule peke yake?"

Kacheka bila furaha. "Akipita kile kibanda chako kwa miguu yake, peke yake, nitafungua maboksi kwa meno."

"Sawa," nikasema.

Sawa nini? Mimi hata choo nakwenda kwa mkongojo.

18 Februari

Kusi imepanda. Mawimbi yanapita juu ya gati. Boti halikuja. Nimemshukuru Mungu.

20 Februari

Boti halikuja. Nimeshukuru, nikaomba msamaha kwa kushukuru.

21 Februari

Ukungu. Nilisikia helikopta inazunguka juu, inatafuta kisiwa, ikarudi. Birita alikuwa uwanjani kavaa koti la safari, kichwa juu. Alibaki amekiinua hata sauti ilipokwisha. Leo sikushukuru.

23 Februari

Upepo. Ule ule.

24 Februari

Upepo. Kahawa imeisha. Tunachemsha ya jana.

27 Februari

Hanus kaja, hakugusa karata.

"Ile ngozi yako ya zimwi iko wapi?"

"Darini. Unaitakia nini?"

"Panya wamenizidi. Nitawatisha."

Halafu ananiita mwongo mimi! Kapanda darini na yale magoti yake, nikasikia anavuta, anakohoa, kashuka na ngozi, kamba, maboya na kila kitu, kama amebeba ndugu aliyezama.

Nimeelewa mpango wake. Jumanne ni jioni ya zimwi. Anataka kuvaa yeye, aonekane na kisiwa kizima, mwakani aende redioni aseme tangu zamani ni yeye. Miaka sabini ya ujirani, huyu hapa! Nilikaa na hasira yangu mpaka jioni, ikanipa joto kuliko jiko.

4 Machi

Nitaandika yote, hata mkono ukifa.

Giza lilikuwa ndiyo kwanza linaingia. Upepo ulikuwa umepungua mara ya kwanza baada ya wiki mbili, mpaka nikaisikia saa ya ukutani. Nikasikia na kitu kingine. Kamba zinaburuzwa kwenye changarawe.

Mlango haukubishwa hodi. Zimwi halibishi hodi. Uligongwa teke.

Likaingia. Ngozi yangu, macho yangu ya kijani, mikia yangu kumi na tano inafagia sakafu. Nikasema moyoni, Hanus huyo, mshenzi, anatembea kwa magoti ili aonekane mfupi. Nikafungua mdomo nimtaje papo hapo, adabu ziende zake.

Halafu nikaona chini ya ngozi. Mabuti mekundu.

Na nyuma kabisa, kule nje kwenye uzio, nikaona Hanus amesimama na taa, kaishika chini, anajifanya anaangalia bahari.

Nikaufunga mdomo. Zimwi lilisimama katikati ya jiko langu linatetemeka, maboya yanagongana ti-ti-ti. Likavuta pumzi ndani kwa nguvu, likasema kwa ile sauti ya kuzama, "Nyaaaama."

Sasa adabu. Unakosea kwanza.

"Mungu wangu!" nikasema. "Ni nani huyu? Nimekujua! Wewe ni Eyðun wa Nyumba ya Juu!"

Zimwi likatikisa kichwa.

"Kweli, haiwezekani. Eyðun anauza magari mjini. Juzi kanipigia simu, ananuka petroli mpaka kwenye waya. Basi wewe ni Sigga wa nyumba ya kijani!"

Likatikisa kichwa, polepole.

"Aa, Sigga ni nesi. Ndiye aliyenifunga nyonga hii hospitalini. Kanifokea siku tano nzima, mtu aliyeliwa hawezi kufoka vile. Wewe ni Páll! Páll aliyeangukia shimo la mbolea!"

Maboya yalikuwa yameacha kugongana. Kichwa kikainama upande, kama cha mtu anayesikiliza.

"Si Páll. Páll yuko Denmark, kaoa, ana mapacha. Picha ile pale juu ya redio. Angalia tumbo lile, hilo ndilo limekula watu."

Nikaendelea. Nyumba baada ya nyumba, kuanzia gatini mpaka kanisani, kila mtoto aliyewahi kuondoka hapa, nilimtaja na nikasema yuko wapi, anafanya nini, nani kanenepa, nani kaachika. Nilianza kwa mzaha. Nilipofika nusu, sauti yangu ilianza kunisaliti, maana sijawahi kuwataja wote kwa mkupuo mmoja. Ni wengi. Wa mwisho nikamtaja Elspa.

"Elspa yuko redioni," nikasema. "Anasema mimi ni upepo."

Zimwi likakohoa kicheko, likasahau kuvuta pumzi ndani, likasema kwa sauti yake kamili: "Kwa hiyo hakuna hata mmoja uliyemla?"

"Hata mmoja. Nina meno manne, mjukuu wangu. Ningewamaliza lini?"

Likafikiri. Likakaribia. Harufu ya kondoo ikanijaa puani kama ujana. Chini ya ngozi ukatoka mkono mdogo, ukashika mkono wangu wa kushoto, ukageuza kidole gumba kwenye mwanga. Akaangalia alama. Halafu akainua ngozi kidogo, akaning'ata.

Hana meno ya mbele. Alitumia ya pembeni. Niliona nyota.

"Nilitaka kujua kama kweli zimwi linang'atika," kasema.

"Linang'atika," nikasema, machozi yananitoka. "Nani kakufundisha kuvaa hivi?"

"Babu Hanus. Alisema kama kabaki mtoto mmoja tu, kuna mahali pamoja zimwi haliwezi kumkuta. Humu ndani."

Kaburuza mikia yake akatoka, akaenda nyumba inayofuata. Nikasikia mlango unagongwa teke, na mzee mwenzangu wa huko anapiga kelele, "Eyðun! Ni wewe?"

Hanus. Miaka sabini. Sitamwambia, atavimba.

5 Machi

Bahari imelala. Boti limekuja asubuhi.

Nilikaa dirishani. Mkokoteni wa Birita ukateremka na maboksi mpaka gatini. Vijana wa boti wakaanza kupakia. Ndipo nikasikia Birita anaita, "Rannvá! Rannvá!" kwa ile sauti inayopanda.

Mimi ndiye niliyemwona. Mabuti mekundu, kwenye njia ya shule. Alikuwa amefika kibandani. Kasimama mbele ya mlango wangu wa nyama, kaweka mikono kiunoni, kasema kitu. Sikukisikia, lakini nilimwona anavuta pumzi ndani kabla ya kukisema. Halafu akapita. Hakukimbia. Kaingia shule, kafunga mlango, maana mwalimu hapendi baridi.

Birita naye alimwona. Alisimama pale gatini, mkono mmoja juu ya boksi. Boti likapiga honi. Akawaambia kitu wale vijana, wakayashusha.

Ningeshangilia, ningempigia hata kengele ya kanisa. Lakini nilikuwa na dirisha, na dirisha linakuonyesha hata usichotaka. Boti likatoka. Birita hakugeuka kurudi. Alilitazama mpaka likazunguka rasi, na uso ule niliujua. Ni uso ninaouona kwenye kioo hiki kila jioni taa ikiwaka.

6 Machi

Nimetoka nje. Mara ya kwanza tangu Novemba. Mkongojo mkono mmoja, Hanus mkono mwingine, ananitukana njia nzima. Tulifika kwa Birita. Nikamwambia, "Boti linarudi Ijumaa. Usibaki kwa ajili ya wazee. Zimwi linalofungia watu pangoni ni la kitabuni, mimi si lile."

Alikuwa anafungua boksi. Si kwa meno, kwa kisu. Kaniangalia, kaangalia theluji kwenye mabuti yangu.

"Mpaka kiangazi," kasema. "Nimemwambia Rannvá mpaka kiangazi, halafu tutaamua mimi na Dánjal. Na nani kakwambia nabaki kwa ajili yenu? Nabaki kwa sababu Jumatatu mtoto anataka kuongoza darasa."

"Darasa la mtu mmoja."

"Kaa chini, Mzee, kabla hujaanguka. Kuna kahawa mpya."

Hakuwa na haraka. Au sikuiona.

8 Machi

Rannvá kaleta maziwa. Kataka kuona kidole. Kimevimba, kina rangi ya bahari ya Februari. Kafurahi sana.

"Sasa una mbili," kasema. "Ya Elspa na yangu."

"Ninazo mbili," nikasema.

Zimwi nilikuwa mimi, hapo sirudi nyuma hata mchungaji anishike sikio. Nilisimama kweli mbele ya Elspa, na ndugu zake walijificha kweli nyuma ya jiko. Lakini Elspa hakuning'ata. Alijificha nao. Alama ile ya zamani ni ya kisu, nilikuwa nachuna kondoo, nikageuka kumcheka Hanus.

Ya meno ni hii nyingine. Bado inauma.